Ukuta wa Sahani wa Mbugangari

Simu ilikuwa ya mteja na kioo kilikuwa kipya. Alliance Cyuzuzo alikuwa amekwisha kukibandika, sasa anakijaribu kwa kidole, akifungua hiki na kile ili aone kama kinasikia. Ndipo mchezo ukafunguka. Ilitokea ramani ya mji wa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, na juu yake alama ndogo za buluu, kila alama imesimama mahali pa kweli: sanamu iliyo mbele ya hoteli ya ufukweni, kanisa la zamani, bustani ya kando ya ziwa. Mwenye simu, dereva wa pikipiki, alipokuja kuichukua alimweleza kwamba mchezo huo hauchezwi ukiwa umekaa nyumbani. Ni lazima ufike penye alama.

"Unaenda na miguu mupaka pale," alisema, kisha akajikumbuka na kutazama chini.

Alliance alicheka. "Mi niko na magurudumu tatu," akamwambia. "Itatosha."

Magurudumu hayo watu wote wa mtaa wa Mbugangari waliyajua. Alliance alizaliwa Goma, na polio ilimchukua miguu akiwa na miaka mitatu. Familia ilirudi Rwanda akiwa msichana mdogo. Alipokuwa mtu mzima alipata baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, akafanya kazi ya kuvusha mizigo ya wafanyabiashara pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, kwa miaka kumi na mitano: vitunguu kwenda, vitenge kurudi. Mpaka ulipofungwa wakati wa korona alikuwa na mikono yenye nguvu na hana kazi. Akajifunza kutengeneza simu. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, meza yake chini ya mwavuli, jirani na duka la Resty, mwanamke aliyekulia Uganda, muuza mafuta ya nywele.

Jioni ile Alliance aliuweka mchezo kwenye simu yake mwenyewe. Jambo la kwanza aliloliona lilimuuma. Ufukweni palikuwa na alama kumi na tisa. Mbugangari, mtaa unaopitwa na maelfu ya watu kila asubuhi wakielekea mpakani, haukuwa na hata moja. Kwenye ramani ulikuwa kijani kitupu, kama malisho ya ng'ombe.

"Wanasema hapa hakuna kitu," alimwambia Resty.

"Ni mchezo tu, dada."

"Ndiyo. Lakini inasema hapa hakuna kitu."

Kumbe mchezo huo ulikuwa na mlango. Mchezaji aliyefika ngazi ya juu aliruhusiwa kupendekeza mahali papya, na wachezaji wengine wa duniani, asiowajua, walipiga kura kukubali au kukataa. Alliance alichukua miezi minane kuifikia ngazi hiyo. Kila Jumapili baada ya misa alishuka ziwani akizungusha pedali kwa mikono, akapita alama moja baada ya nyingine, na kurudi mlimani akiwa amelowa jasho. Watu walidhani anafanya mazoezi, na hawakukosea sana.

Mahali alipotaka kupapendekeza alipajua tangu siku ya kwanza. Nyuma ya bomba la maji la mtaa kulikuwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, mrefu kama hatua thelathini, unaoshikilia udongo wa kilima. Ulijengwa na mzee Hitimana, fundi mwashi. Mwaka 2021, volkano ilipolipuka upande wa Goma na ardhi ikatetemeka siku nyingi mfululizo, nyumba za Mbugangari zilipasuka na vyombo vikaanguka makabatini. Hitimana alipita nyumba kwa nyumba akiomba sahani zilizovunjika. Watu walimpa, wengine wakimhurumia kwa kudhani amechanganyikiwa. Mwaka uliofuata vipande vile vilikuwa vimepandwa kwenye saruji katikati ya mawe, na vimekuwa picha: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti yake mirefu imetoka mbele na nyuma, kama wavuvi wa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, wanavyotoka jioni. Maji yalikuwa ya sahani za buluu. Samaki walikuwa vigae vya vikombe vyeupe. Hakuna nyumba ya mtaa ule isiyokuwa na kipande chake ukutani.

Alliance alipiga picha, akaandika jina, Ukuta wa Sahani, na chini yake jina la fundi aliyeujenga, akatuma. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nalo lilikuwa la Kiingereza. Akampa simu Resty, aliyejifunza lugha hiyo Uganda.

"Wamekataa," Resty alisema. "Picha iko na watu. Nyuso zinaonekana. Na pikipiki, namba yake inasomeka."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amepiga picha mchana, kina mama wamepanga madumu kwenye bomba. Alliance hakubishana. Safari ya pili alisubiri bomba lifungwe, akapiga ukuta peke yake, akatuma tena. Wakakataa tena. Mara hii walisema alama imeangukia ndani ya makazi ya mtu binafsi, na sheria ilikataza kuweka alama nyumbani kwa mtu. Alliance alipoikuza ramani aliona kosa lake: simu ilikuwa imeyumba, na alama imekaa juu ya paa la jirani, hatua ishirini kutoka ukutani.

Akairekebisha, akatuma mara ya tatu. Jibu la tatu halikuwa kama yale mengine. Resty alilisoma kimya, akalisoma tena.

"Sema tu," Alliance alimwambia.

"Wanasema ukuta hauko. Wameangalia picha ya ramani, ile inapigwa kutoka juu angani. Wanaona migomba tu. Wanasema wewe umedanganya. Ukirudia, wanakufungia, hautapendekeza tena."

Alliance aliichukua simu akaiweka mezani kifudifudi. Alikuwa amekataliwa mara nyingi maishani, na mara nyingi alikuwa ameona haki ya yule anayekataa. Lakini kuitwa mwongo juu ya ukuta anaoupita kila siku, wenye kipande cha bakuli la marehemu mama yake, hilo hakuweza kulikubali. Siku mbili hakuufungua mchezo kabisa.

Siku ya tatu mzee Hitimana alikuja kwenye meza, kofia mkononi. Resty alikuwa amemwambia.

"Binti yangu," alisema, "juu ya nini ulinificha?"

"Muzee, nilitaka nikuletee habari muzuri. Haikukuwa muzuri."

"Wanasema ukuta yangu haiko?"

"Wanasema vile."

Hitimana alikaa kwenye kibao cha wateja akafikiri. "Ile picha ya juu, waliipiga mwaka gani?"

Alliance alimtazama. Swali hilo hakuwa amejiuliza. Alifungua ramani, akatafuta pembeni kwenye maandishi madogo, na pale palikuwa na tarehe: 2019. Ukuta ulikuwa haujajengwa. Mahali pale wakati ule palikuwa na migomba kweli.

"Basi hawakusema uongo," Hitimana alisema taratibu. "Wamechelewa tu."

Jioni hiyo Alliance na Resty walizisoma sheria zote, ukurasa kwa ukurasa, Resty akisoma Kiingereza na Alliance akiandika kwenye daftari la kazi. Mahali pawe pa kudumu, si bango wala kibanda cha msimu. Pasiwe shule ya watoto, wala kituo cha polisi, wala jengo la jeshi. Hilo watu wa mpakani hawana haja ya kuambiwa. Pawe na sababu ya kumtoa mtu nyumbani: historia, sanaa, au mahali watu wanapokutana. Mtu aweze kupafikia kwa miguu bila hatari. Na mwishoni kabisa: aliyekataliwa anaweza kukata rufaa mara moja tu, kwa maelezo na picha za kuthibitisha.

"Mara moja tu," Alliance alirudia.

Habari zilikuwa zimekwisha kuvuka mpaka. Kesho yake Cyiza, mkuu wa kikundi cha wachezaji wa Goma na Gisenyi, alimpigia simu.

"Da Alliance, bon, sikia. Sisi tuko batu makumi ine. Achana na rufaa. Omba upya na jina ya mutu mwingine, siku hiyo hiyo sisi wote tunapiga kura. Ukuta inapita."

Resty, aliyekuwa akisikiliza, aliitikia kwa kichwa kwa nguvu: kubali. Alliance alishawishika. Watu arobaini walikuwa wengi kuliko wote waliowahi kumtetea kwa jambo lolote.

"Cyiza, sheria inakataza kupangana kura," alisema mwishowe. "Na mi nimeitwa mwongo. Nikipita kwa ujanja, nitakuwa mwongo kweli. Asante sana. Wacha ukuta ijitetee."

"Na wakikataa?"

"Watakuwa wamekataa kitu kiko. Hiyo nitaweza kuivumilia."

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya bomba kufunguliwa, mwanga ukiwa laini na mtaa bado haujajaa, alikwenda ukutani. Njia ya kokoto ilimpiga mikono, lakini alifika. Alipiga picha moja ya ukuta mzima, safi, bila mtu. Akapiga nyingine akigeuka polepole mahali pamoja, ili bomba, ngazi, paa la jirani na kilima vionekane vyote katika picha moja ndefu. Akasogea kwenye kona ambako Hitimana alikuwa amechonga jiwe la chini: *Kamena 2022*, mwezi wa sita wa mwaka ule. Akalipiga na hilo.

Ikabaki sheria ya kufikika. Hapo alifikiri kidogo. Kisha akashuka kwa mikono, akakaa chini kwenye kokoto, akairudisha baiskeli yake nyuma mpaka gurudumu likagusa ukuta, akaipiga picha ikiwa imesimama pale. Chini yake aliandika maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili na Kinyarwanda: "Picha yenu ya angani ni ya mwaka 2019. Ukuta umejengwa 2022, tazameni jiwe. Mimi sitembei. Nimefika hapa peke yangu kwa baiskeli ya mikono. Anayetembea hatashindwa."

Akatuma. Kisha akapanda, akaenda kazini, akatengeneza simu nne.

Wiki tatu zilipita, na jibu likaja akiwa na bisibisi mdomoni. Hakumwita Resty. Neno moja la Kiingereza alilijua kwa kuliota. Wamekubali. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, na huo Resty alimsomea baadaye: waliomba radhi kwa kumshuku.

Alliance alifungua ramani. Katikati ya kijani kitupu ilisimama alama moja ya buluu, na ndani yake mitumbwi mitatu.

Akafunga mwavuli saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akazungusha pedali mpaka kwa Hitimana. Mzee alikuwa akichanganya saruji uani. Alimwonyesha simu, naye akavifuta kwanza vidole kwenye suruali ndipo akaishika.

"Iko wapi jina yangu?"

"Hii hapa. Soma."

Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi: "Kazi ya fundi Hitimana, kwa sahani za watu wa Mbugangari." Alikuwa amejenga nyumba za watu miaka arobaini na mitano, na hakuna mlango hata mmoja wa mji ule uliokuwa na jina lake.

"Batu ya wapi wanaweza kuona hii?"

"Ya kila mahali, muzee. Mwenye mchezo, popote iko."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Alliance sasa alizijua sheria kama mchungaji anavyojua zaburi, na wachezaji wakaanza kumletea maombi yao ayapitie kabla ya kutuma. Aliwarudishia bila huruma: hii ina nyuso, hii ni nyumba ya mtu, hii ni bango la duka na mwezi ujao halipo. Katika mwaka mmoja Mbugangari ilipata alama kumi na moja, saba kwa mkono wake, na hakuna hata moja iliyopita kwa kupangwa.

Jumamosi moja ya Agosti Cyiza aliita mkutano wa wachezaji. Waliotoka Goma walivuka Petite Barrière asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Wengine walikuja kwa basi kutoka Musanze na Kigali. Alliance alikuwa ametegemea watu thelathini. Walifika zaidi ya mia moja, wakajaza njia ya bomba mpaka kina mama wa madumu wakauliza kama kuna harusi. Kisha mmoja wao, Vénantie, mwanamke asiyewahi kugusa mchezo wa simu, akaweka dumu lake chini na kuanza kuwaonyesha wageni.

"Hii ya maua iko yangu," alisema akigusa mgongo wa samaki. "Ilivunjika siku ya pili ya tetemeko. Ilikuwa ya harusi yangu."

Basi kila mtu wa mtaa akatafuta chake. Hitimana, amevaa koti lake la kanisani, alipelekwa huku na huku, akijibu maswali ya watu waliomwita bwana msanii. Wachezaji wa Kigali walitaka picha naye. Cyiza alimpandisha Alliance, baiskeli na yeye pamoja, juu ya jukwaa dogo la saruji la bomba, akatangaza kwamba huyu ndiye aliyekataa kura zao arobaini. Walimpigia makofi mpaka akakosa mahali pa kuangalia, na Resty, aliyekuwa amefunga duka kwa siku hiyo, alipiga vigelegele kwa namna ya kwao, virefu na visivyo na aibu.

Jioni wageni walipoondoka, Hitimana alikuja kukaa kando ya gurudumu lake. Alikuwa amechoka na koti lina vumbi la saruji begani.

"Umefanya muzuri sana, binti yangu," alisema. "Lakini sikukuambia. Mi nilijenga mbili. Ingine iko Rubona, karibu na bandari. Ndogo, lakini iko na ndege."

Alliance aligeuka. "Iko kwa nyumba ya mutu?"

"Hapana. Iko njiani."

"Inafikika?"

"Na magurudumu yako, bila shida."

Jumatatu asubuhi meza ya simu haikufunguliwa. Walipanda basi dogo la Rubona wote wawili, baiskeli imefungwa juu kwa kamba, na njia nzima mzee alikuwa akimweleza jinsi alivyomtengeneza ndege wa kwanza kwa mdomo wa birika.