Bolti Kavu za Mashine ya Mama

Mwezi uliopita nilirudi Cibitoke, mtaa wetu wa zamani, rafiki yangu, nikaingia kwenye uwanja ambamo mama alikuwa na mashine yake ya kusaga. Wamejenga vyumba vya kupangisha. Nilisimama nikashindwa hata kujua mlango wetu ulikuwa upande gani.

Mama alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa mjane, na mimi na kaka yangu, na mashine ile ndiyo iliyotulisha. Asubuhi wanawake walipanga ndoo zao za muhogo, wakichanganya Kirundi na Kiswahili, na mngurumo ulitikisa sahani jikoni. Jumapili, baada ya misa, mama aliifungua na kuisafisha. Kabla ya kurudisha bolti yoyote, aliyapaka meno ya bolti hiyo grisi kwa kidole, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Alisema bolti kavu inadanganya mkono: unadhani umeikaza, kumbe inakwaruza tu, na siku ukitaka kuifungua, inakataa. Kisha alinawa, tukala ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliopikwa kwa mawese.

Halafu mama akaugua mapafu, kazi ikabaki kwa kaka. Wateja walikuwa wengi, naye alikuwa na haraka. Msimu mzima wa mvua alikaza bolti zikiwa kavu, chini ya bati lililovuja. Beringi ilipoharibika, hazikufunguka. Jirani yetu, fundi baiskeli, akaja na patasi na nyundo.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwa mama. Kila pigo tulilisikia. Bolti mbili zikakatika, kisha kikalia kitu kizito zaidi. Tumbo la mashine lilikuwa limepasuka.

Kaka akaingia, akasema watajaribu kuchomelea. Mama hakumgombeza.

“Apana, mutoto wangu,” akasema. “Muiache. Imeisha kufa.”

Akageukia ukuta.

Kiangazi hakikumkuta. Mashine tuliiuza kama chuma chakavu. Kaka nilimwambia mara nyingi kwamba siyo yeye aliyemuua mama, hakuniamini. Alivuka mpaka kutafuta kazi, na simu yake, ambayo mwanzoni iliita bila kupokelewa, siku hizi haiiti kabisa.

Watoto waliokuwa wakicheza pale uwanjani waliniona nimesimama sana.

“Mama, unatafuta nani?” mmoja akauliza.

Nikamwambia simtafuti mtu, nimepotea njia tu. Akanionyesha barabara, kwa upole, nami nikaifuata.