Chuma Kimekaa

Mama alinipigia simu asubuhi akiwa na habari njema kuhusu stendi ya tangi la maji niliyomjengea nyumbani Iringa.

"Mwanangu, chuma chako kimekaa."

"Kimekaaje, Mama?"

"Kimekaa tu. Kimetulia. Niliweka magunia ya mbegu za viazi kule juu, pembeni ya tangi, zichipue. Juzi nimezishusha. Hakikulia hata kidogo."

Kwake, kukaa ni kutulia. Kwangu, niliyesimama kwenye kibanda changu cha kuchomelea Mbeya na brashi ya waya mkononi, neno hilo lilikuwa habari mbaya.

Sikusomea uchomeleaji popote. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu vyuma vyangu mwenyewe, na mtu aliyejifunza hivyo halali vizuri, kwa sababu hajui ni kipi asichokijua. Ndiyo maana nilipomaliza stendi ile nilifunga uzi chini ya boriti yake, kutoka mguu hadi mguu, nikiacha nafasi ya kupita kidole kati yake na chuma. Tangi likijaa, boriti ilishuka katikati na kidole hakikupita. Maji yakiisha ilipanda, kidole kikapita. Kila nikienda nyumbani nilikagua hilo kabla hata ya kunywa chai. Chuma kinachoinama na kurudi ni kizima, kama mwanzi. Kikizidiwa, hakirudi hata ukiondoa mzigo wote. Kinabaki vile vile mzigo ulivyokiacha, na mzigo unaofuata kinaupokea kikiwa tayari kimepinda. Sisi mafundi tunasema kimekaa.

Na Mama hukaa chini yake. Bomba liko pale, kivuli kiko pale, viazi anamenyea pale.

Nilimwambia asisogee karibu. Akacheka, "Tangu lini maji ya kunywa yakaniua?" akakata simu.

Nikapanda basi. Njiani nilimpigia, simu ikaita tu. Karibu na Igawa tulifuata lori la mbao lililojaa mpaka springi zake zimenyooka. Likipita kwenye tuta zilibonyea, kisha zikarudi. Niliziangalia kwa wivu. Nikapiga tena. Iliita tu.

Nilimkuta chini ya stendi, juu ya kigoda, anaosha vyombo.

"Mama, toka hapo!"

"Hata salamu ya kamwene huna? Mbeya wamekufundisha kuchoma vyuma, adabu wakasahau."

"Toka, Mama. Nakuomba."

Sauti yangu ilimtoa, si maneno. Maji ya bomba yalikuwa yametoka asubuhi hiyo, tangi limejaa hadi mdomoni. Ili kulimwaga ilibidi niingie mwenyewe pale chini nifungue koki. Niliingia kwa magoti, shingo nimeibana mabegani kama kobe, kana kwamba shingo ingesaidia chochote. Nikafungua, nikarudi kinyumenyume.

"Maji yangu!" Mama alilia. "Unajua yatatoka tena lini?"

Yalikimbia katikati ya maharage yake. Kila mara tangi lilipoguguma nilidhani ni chuma. Maji yalipokwisha nililigonga kwa fimbo, likalia utupu. Nikapiga magoti na kupeleka kidole kwenye uzi.

Hakikupita. Nikajaribu kidole kidogo. Nacho kikagoma.

"Labda uzi wako umelegea," Mama alisema.

"Ungelegea ungeshuka, Mama. Kidole kingepita."

Akainama, akaingiza kidole chake chembamba, kilicholiwa na sabuni. Akakitoa. Akakirudisha tena, taratibu, kama anayepima joto la mtoto.

"Lakini tangi ni tupu," alisema.

"Ndiyo."

"Kama lastiki ya soksi kuukuu. Mguu umetoka, yenyewe imebaki imetanuka."

"Ndiyo, Mama."

Hakucheka. Alichukua kigoda, kisha beseni, akavihamishia kwenye ukuta wa jiko, juani, na hakulalamikia jua. Alikaa huko akiitazama stendi, mikono mapajani. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

"Na kitanda changu?" aliuliza. "Si wewe uliyekichomelea?"

Nikafungua uzi kwenye boriti, nikaingia nao ndani.