Mtunza Stoo wa Viti Visivyokuwepo

Kuna watu balaa huwafuata nyumbani, na kuna wanaolifuata wenyewe kwa nauli yao. Huyu mwalimu wa biashara hakufuatwa wala hakufuata. Alilifuga darasani, akalilea, akalifundisha kusimama wima, kufunga vifungo vyote vya shati na kusema "waheshimiwa" bila kutafuna maneno.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, suruali imemkimbia kidogo juu ya viatu, mfuko wa shati una vumbi la chaki kama wa mwashi. Alipoanza kazi alifundisha biashara kwa kusoma kitabu, na wanafunzi wakajifunza jambo moja tu, kulala macho wazi. Siku moja akachoka. Akafunga kitabu, akasema, "Kuanzia leo hili si darasa. Ni kampuni."

Basi kila mwaka kidato cha mwisho kikawa kampuni ya samani. Samani zenyewe hazikuwepo. Stoo ilikuwa kabati la ukutani lenye mlango mmoja unaofunga na mwingine unaojidai kufunga. Boksi la chaki likiwa tupu lilihesabika kuwa shehena ya viti. Simu ya mezani ilikuwa mkono mtupu wa simu, haina hata waya. Lakini kazi ilifanywa kwa dhati. Mwanafunzi akikatiza pale penye "viti", wenzake humpigia kelele, "Wee, umeangusha mali!" naye hana budi kuinama, kuokota hewa na kuipanga upya, tena kwa adabu.

Kwenye kampuni hiyo mwalimu alijipa cheo cha chini kabisa: mtunza stoo. Alikuwa na sababu yake.

"Mwalimu akikaa mbele, kila mtu anamtazama yeye," alikuwa akisema. "Akikaa stoo, watoto wanatazamana."

Kengele ikilia, mwalimu hayupo tena. Bosi akiingia, Mtunza Stoo anasimama. Akitaka kusema, anaomba ruhusa. Cheo kisicho na kazi hukatwa, hata kama amekikalia shangazi yako. Na sheria iliyozidi zote ni hii: mgeni yeyote akiuliza nani anawafundisha, jibu ni moja, "Tunajiendesha wenyewe."

"Hata nikikataa mimi mwenyewe, msikubali," aliwaonya. "Jueni nawajaribu tu."

Na kweli aliwajaribu. Mwaka mmoja aliingia amevaa miwani ya mkewe na koti la kuazima, eti mkaguzi kutoka serikalini. Kijana mmoja akacheka, akasema, "Mwalimu, si ni wewe?" Alipoteza alama, akawa mfagiaji wa kampuni muhula mzima. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtambua.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea mlangoni pao, hakuchoka kumtania.

"Baba watoto, yaani umesoma kote kule ukaishie kulinda hewa?"

"Hewa ya kampuni, mama."

"Haya. Siku ikiibwa utajuaje?"

Wanacheka, maisha yanaendelea.

Mwaka wa kisa chenyewe ndipo alipokuja Mkuu mpya wa shule. Mama mmoja asiyepandisha sauti, mwenye viatu visivyo na mlio. Uko darasani unafundisha, unahisi kisogo kimepoa, ukigeuka uso uko dirishani. Hasemi kitu. Anatazama, anapita. Haukupita muda habari zikaenea chumba cha walimu kwamba walimu watapunguzwa. Looo, ghafla kila mtu akawa mchapakazi! Mwalimu wa historia alitundika ramani hadi ukuta wa choo. Mwingine aliyekuwa hajawahi kumaliza chaki moja kwa wiki sasa alitoka darasani mweupe kama aliyeangukia pipa la unga.

Mtunza Stoo wetu aliwacheka wote. "Mimi nina kampuni," alisema. "Siku ya mkutano wa wanahisa bodi yote itakuwepo. Watajionea."

Nyumbani mkewe hakucheka. Watoto wao wawili walikuwa bado shule, na mume mwenyewe alikuwa kwenye umri ule ambao ukipeleka maombi ya kazi wanakuuliza kama unamuombea mwanao.

"Ukimwaga unga sasa, unaanza wapi?" alimuuliza.

"Simwagi."

"Hakuna anayemwaga kwa kupenda."

Bosi wa mwaka huo alichaguliwa kwa kura. Msichana mpole, sare yake ina mikunjo ya pasi unayoweza kujikatia kidole. Kucheka hakujua, au labda alijua akaona ni kupoteza muda. Msaidizi wake wa mauzo alikuwa kijana waliyemwita Kelele, ambaye ungemsikia akiuza viti kwenye ule mkono wa simu hadi getini: "Haloo! Viti? Vipo, mama! Vipo mpaka vinatukimbiza!"

Siku za mwanzo tu, Bosi alisimama mbele ya kabati.

"Mtunza Stoo, kazi yako hapa ni nini?"

"Kutunza, Bosi."

"Kutunza nini?"

"Viti, Bosi."

"Vikiachwa, vinaondoka vyenyewe?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka hadi machozi. Jioni akamsimulia mkewe, akaigiza sauti zote mbili. "Huyu mtoto ni hatari," akasema kwa furaha.

Baadaye Bosi alimhamisha kutoka dirishani, akamweka pembeni ya kabati. Kisha pembeni ya mlango. Kisha, kwa kuwa mlangoni ni njia ya wateja, kiti chake kikatolewa nje, kikakaa koridoni peke yake kama mtoto aliyefukuzwa. Mwalimu alikaa huko akisikiliza kampuni yake kupitia ukuta, akitabasamu. Kila mara mlango ulifunguka kidogo, Bosi akachungulia, akamtazama alivyokaa, akafunga.

Halafu mambo yakaanza kunuka. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Kelele, kijana ambaye hata usingizini huenda alikuwa anauza, akawa anatazama viatu vyake.

"Kelele, kuna nini?"

"Ni mambo ya ofisi, Mwali... Mtunza Stoo."

Na siku moja alimkuta Bosi anatoka ofisi ya Mkuu, anafunga mlango taratibu kwa mikono miwili.

"Huko ulikuwa na nini?"

"Mkuu aliuliza habari za kampuni."

"Ukamjibu?"

"Nilimjibu kama ulivyotufundisha."

Kichwa kikamvimba mwalimu kwa fahari. Alipomweleza mkewe, cherehani ikasimama.

"Huyo Mkuu aliuliza nini hasa?"

"Sijui."

"Hukumuuliza mtoto?"

"Mtunza stoo haulizi mambo ya ofisi ya Bosi."

Mkewe alimtazama kama anayetazama mtu aliyelala katikati ya barabara. "Baba watoto. Siku ya mkutano simama, useme wewe ni mwalimu."

"Nitaharibu mchezo."

"Uharibu!"

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wazazi, ambao siku hiyo waliitwa wanahisa na walipenda sana kuitwa hivyo. Mwenyekiti wa bodi alikaa mbele, tumbo limetangulia, Mkuu pembeni yake. Mtunza Stoo alikaa nyuma kabisa, kiti cha mwisho karibu na mlango, anapiga makofi kwa kila kitu. Kelele aliuza viti, watu wakavunjika mbavu. Bosi alieleza mauzo, faida, mipango, hakukosea hata herufi.

Kisha akakunja mikono mbele yake.

"Waheshimiwa wanahisa, tumepitia kila cheo cha kampuni hii. Kiko kimoja ambacho kikiondoka leo, kesho hakuna kitakachobadilika. Ni cheo cha mtunza stoo. Tunaomba kibali chenu kukifuta."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mwalimu, ukacheka. Yeye akainuka nusu, akainama kama mwigizaji. Mikono ikaenda juu. Wazazi walinyoosha huku wakifutana machozi ya kicheko. Hata mkewe, aliyekuwa ameletwa na jirani, mkono wake ulipanda kwa mkumbo kabla hajaushusha.

Kicheko cha mwalimu kikakwama njiani. Mkuu wa shule alikuwa amenyoosha mkono, lakini hakuwa anacheka. Alimwinamia mwenyekiti, akamnong'oneza, na mwenyekiti akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona nafuu.

Mwalimu akanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kusema. Mkono ulikaa juu muda.

"Mtunza Stoo ameshaondolewa," Bosi akasema, sauti ile ile. "Aliyeondolewa hana nafasi mkutanoni. Tafadhali." Akaonyesha mlango.

Hiyo nayo ilikuwa sheria yake mwalimu. Akatoka. Makofi yalimsindikiza hadi nje, na mlango ukayafungia ndani.

Wiki iliyofuata Mkuu alimwita.

"Kaa, Mwalimu. Hongera sana."

"Asante, Mkuu."

"Bodi imefurahi mno. Somo linalojiendesha lenyewe! Wamekubali kwamba mwakani tuliache liendelee hivyo hivyo, bila mwalimu."

Mwalimu alicheka. Akasubiri naye acheke. Hakucheka.

"Mkuu, ule ni mchezo. Ninayefundisha ni mimi."

"Nimepita pale muhula mzima. Nimekukuta umekaa koridoni."

"Ndiyo mbinu yenyewe!"

"Na nilipowauliza watoto, wote walisema wanajiendesha wenyewe."

"Mimi ndiye niliyewaambia waseme hivyo."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Uliwaambia wanafunzi wamdanganye Mkuu wa shule?"

Hapo mwalimu akaona shimo, na akaona pia jembe lililolichimba limo mkononi mwake. "Mwite Bosi," akasema. "Mwite huyo msichana aulizwe mbele yangu."

Akaitwa. Akaingia na mikunjo yake ya pasi.

"Shikamoo, Mkuu. Shikamoo, Mwalimu."

Lile "Mwalimu" lilimpoza moyo. Ameniita mwalimu, akawaza. Nimepona.

"Nani anawafundisha biashara?" Mkuu akauliza.

Mwalimu akawahi. "Mwanangu, mchezo umekwisha. Leo hakuna kampuni wala stoo. Mwambie Mkuu ukweli."

Msichana akamgeukia. Akamtazama uso, akateremka hadi mikononi, iliyokuwa inashikana magotini. Kisha akamgeukia Mkuu.

"Tunajiendesha wenyewe."

"Hapana! Safari hii sikujaribu, mama. Nisikilize, sikujaribu!"

"Tunajiendesha wenyewe," akarudia, kwa upole ule ule.

"Inatosha," Mkuu akasema. "Barua yako itakuwa tayari wiki hii, Mwalimu. Nendeni."

Wakatoka, wakashika koridoni. Mwalimu alikuwa amebakiwa na tumaini moja dogo, akaling'ang'ania.

"Ulidhani nakujaribu, sivyo?"

Msichana akafikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Nilipoingia, ndiyo. Halafu nikaona mikono yako. Ukijaribu watu huwa haishikani hivyo."

"Sasa kwa nini?"

"Mwalimu, wewe ulisema cheo kisicho na kazi kikatwe, hata kama amekikalia shangazi yako." Hakuwa na hasira wala kejeli. Alikuwa anaeleza. "Mimi nilikutafutia kazi. Nilikutoa dirishani, nikakuweka pembeni ya kabati, nikakuweka mlangoni, nikakutoa nje. Kila nilipokuhamisha nilikuwa naangalia kitu gani kitaharibika, ili niseme, haya, kumbe anahitajika hapa." "Hakikuharibika kitu, Mwalimu. Nilichungulia kila siku."

Mwalimu alisimama akimtazama mtoto huyu, akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote ya kazi: akatafuta kosa. Akayapitia maneno yale moja moja kama anayesahihisha mtihani, kalamu nyekundu iko tayari. Hakupata pa kupigia mstari. Angekuwa anatoa alama, angempa zote, na huenda angemuonyesha mkewe jioni.

Jioni. Akawaza mlango wa nyumbani, cherehani inavyosimama, na swali litakalomsubiri hapo. Unaanza wapi?

Kengele ikalia. Mlango wa darasa ulikuwa hatua chache mbele, na ndani Kelele ameshaanza kumbembeleza mteja. Mali ilikuwa inapangwa, mtu anaombwa apishe, mwingine anaomba radhi. Kila kitu kilikwenda kama maji.

"Tuna kikao," msichana akasema. "Nisamehe, nitachelewa."

"Naruhusiwa kuingia?"

Bosi akalipima swali kwa makini, kama anavyopima kila kitu.

"Nafasi ya kazi hakuna," akasema. "Kama mgeni, unaruhusiwa."

Akaingia, akafunga mlango taratibu kwa mikono miwili. Mwalimu akabaki koridoni, akajinyoosha shati, akakung'uta chaki mfukoni. Kisha akainua mkono, akagonga mlango wa darasa lake mwenyewe.

"Hodi," akasema.

Na kampuni nzima, kwa sauti moja changamfu, kama alivyowafundisha kuwapokea watu wasiowajua, ikaitikia, "Karibu!"