Fyuzi Mfukoni mwa Radhamés

Radhamés Polanco alikuwa fundi wa inveta, zile mashine zinazoipa nyumba umeme wa betri umeme wa kawaida ukikatika, lakini mwenyewe aliogopa umeme, na mtaa mzima pale Santiago ulimcheka waziwazi. Wacheke tu. Hawakuwapo siku fundi mwenzake, Confesor, alipofia kazini nyumbani kwake, mkono ukiwa ndani ya mashine. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi ghafla, mtaa ukapiga kelele za furaha, na mke wa Confesor mwenyewe akakimbia kuinua swichi kuu. Ndiyo kawaida yetu: umeme ukikatika tunashusha swichi ili friji lisiungue, na kelele zikisikika, anayewahi anainua. Nani hufikiri kwanza?

Tangu hapo Radhamés hakugusa skrubu kabla ya kung'oa fyuzi kubwa ya nyumba na kuitia mfukoni.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, jirani yake Nurys alimjia mbio, ndala moja mguuni. Mama yake, doña Ercilia, alipumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme ulikuwa umekatika, inveta imetoa moshi, na mtungi wa akiba ulibaki na nusu saa.

Radhamés alifika, akang'oa fyuzi, akaondoa nyaya za betri. Akazipima betri: nzima. Akafungua kifuniko, harufu ya kuungua ikampiga usoni. Transista nne zilikuwa zimepasuka, na kapasita moja imevimba kama andazi. Alikuwa na vipuri, lakini mikono ilimtetemeka hata risasi ya kulehemu ikadondokea sakafuni.

"Fundi, unacheza ngoma?" jirani mmoja akamtania dirishani.

"Njoo ucheze wewe."

Kapasita ikaingia. Transista ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshale wa mtungi ulikuwa umegusa wekundu. Hapo ndipo mtaa ulipolipuka: "Umerudiii!" Watoto wakagonga masufuria, redio zikaamka zote kwa pamoja.

Nurys aliruka, akainua swichi. Radhamés aliona mkono wake ukipanda, akajirusha nyuma, ingawa fyuzi ilikuwa mfukoni. Hakuna kilichowaka.

"Kwa nini kwetu hakuna?" Nurys akageuka, akaelewa. "Lete hiyo fyuzi!"

"Siwezi. Umeme wa nyumba yote unapita humu kwenye inveta, na humu ni wazi. Nikirudisha sasa, kila kitu kinalipuka. Nipe dakika tano."

"Mama hana dakika tano! Unamuua kwa woga wako, mwanamume mzima!" Akamkaba ukosi, mkono wa pili ukitafuta mfuko wake.

Na vipi kama ni kweli? Hilo ndilo lililomtisha Radhamés kuliko umeme. Pengine palikuwa na njia ya mkato ambayo fundi jasiri angeiona.

Doña Ercilia akasogeza barakoa. Midomo yake ilikuwa ya bluu. "Nurys, mwache," alisema. "Mimi... nitapumua... kidogo kidogo."

Nurys akamwachia, akapiga magoti kando ya kitanda akilia. Radhamés alilehemu transista ya nne kwa mikono miwili, mmoja ukiushika mwingine. Mtungi ukaisha, ukanyamaza. Akakagua kazi yake mara moja tu, ingawa kwa miaka sita tangu Confesor afe alikuwa akikagua mara tatu tatu, akarudisha nyaya za betri, akafumba macho, akapachika fyuzi.

Mashine ya oksijeni ikalia, ikaanza kunguruma. Rangi ilirudi usoni kwa bibi polepole mno.

Hata kahawa aliyoibandika Nurys haijachemka, mtaa mzima ukaguna: umeme umekatika tena. Chumbani mashine ilinyamaza. Nurys akamshika fundi mkono kwa kucha. Sekunde moja baadaye, inveta ikalia tak, mashine ikaendelea.

"Nisamehe, kaka," Nurys akasema. "Nimekutukana vibaya." Akacheka huku akilia, akaenda jikoni kumkaangia ndizi. Majirani waliojaa dirishani wakaondoka wakimsifu.

Radhamés akaanza kukusanya vifaa vyake, lakini doña Ercilia akamnasa shati.

"Wewe bado unatetemeka."

"Ndiyo, mama."

"Hao wote wameshaamini hii mashine. Mimi sijaamini."

Alimtazama bibi, akatazama taa ndogo ya kijani ya inveta. Alikuwa ameitengeneza mashine hiyo kwa mikono yake, na bado hakuiamini.

"Hata mimi," akasema.

"Basi kaa," bibi akasema. "Tuogope sote wawili."

Akavuta kiti, akakaa.