Chupa Nne za Mwisho za Nanasi Nyeusi

Nianze na upumbavu wangu: siku yangu ya kwanza kazini nilifungua chupa nne jikoni, nikazipeleka mezani zikiwa wazi. Ilikuwa pia siku yangu ya mwisho. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita, vijana, kwa hiyo nisikilizeni.

Kazi ilikuwa kuhudumu katika buveti, duka dogo la vinywaji la Mkurugenzi Mkuu, yaani mama yangu, hapa Kamembe. Kinywaji kilichotulisha kiliitwa Nanasi Nyeusi: kimea cha shayiri kilichokaangwa hadi kikawa cheusi, bila pombe, chenye harufu ya nanasi. Waislamu walikinywa, Wakristo walikinywa, wamama wa Bukavu walivuka nacho daraja la Rusizi ya Pili. Ukiinua chupa juani, ungedhani ziwa zima limelala ndani, limegeuka asali.

Kisha kiwanda kikapenda soda za chupa za plastiki. Lori likaanza kuja na kreti chache, mwisho likaja bila hata moja. Mkuu wa Usambazaji, yaani dereva, alitikisa kichwa tu: "Maman, ile hatutengenezi tena. Sahau."

Mama akaficha chupa nne chini ya kitanda, akiwangojea wazee wa kijiji cha Nkanka watakaokuja kumposa dada yangu.

Ndio hao niliowapelekea chupa wazi. Kwetu kifuniko hung'olewa mbele ya macho ya mgeni. Kikitolewa mafichoni, mgeni hujiuliza umetia nini. Mkubwa wao alilitazama povu likipanda polepole, kama anayeota. Hakugusa.

"Maman, huyu mutoto wako anatuchukia?"

"Hapana, Mzee. Ni mujinga tu."

Mzee alikuwa ameshashika kofia yake. Nyuma ya pazia, dada yangu alichungulia.

Mama akaketi. Akamimina kidogo kutoka chupa ya kwanza, akanywa. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, hadi pikipiki za barabarani zikasikika kama ziko ng'ambo ya ziwa.

Mzee akairudisha kofia mezani, akacheka. "Maman, utuachie basi!"

Wakanywa. Maneno ya posa yakaanza.

Walipoondoka, nilisimama nikingoja kufukuzwa kazi. Mama alikuwa bado akijilamba midomo.

"Mujinga weye," akasema. "Miaka yote nauzishaka hii kinywaji. Ni leo tu nimejua utamu yake."