Benchi la Nyuma

Juzi niliingia kanisa letu la Kalamba nikakuta viti vya plastiki. Lile benchi refu la nyuma lilikuwa limetupwa nje, kuku wamelala juu yake, na harufu ya miwa iliyochacha ikanirudia puani.

Jumapili moja utotoni mwangu, mama alikuwa ametengeneza kaluvu, pombe ya miwa, kwa sababu mjomba alikuwa anapeleka mbuzi wa mahari na wazee hawazungumzi koo zikiwa kavu. Mimi nilipokiona kibuyu kando ya mafiga, niliona moto wa milele, maana kanisani kwetu pombe ilikuwa dhambi. Alasiri hiyo mwalimu wetu wa Sunday school, aliyenukia mafuta ya nazi, alitufundisha kwamba Mungu ni mwenye kusamehe: dhambi ukiisema tu, imeisha. Nilifikiri hata ya mwingine unaweza kumsemea. Nikamnong'oneza ya mama.

"Umefanya vizuri, mtoto wangu," akasema, akanipapasa kichwa.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisoma jina la mama mbele ya watu wote. Adhabu yake: miezi sita benchi la nyuma, bila Meza ya Bwana. Nilimkazia macho mwalimu, nikingoja asimame aseme imeisha. Alikuwa ameinama, anatafuta wimbo kitabuni. Leo najua msamaha haukuwa wake kutoa, lakini siri ilikuwa yake kutunza.

Mama alichukua leso yake akaenda nyuma. Nilimfuata nikilia, nikamwambia ni mimi niliyesema.

"Najua," alisema, akasogea nipate pa kukaa.