Mkate Niliomkandia Koko

Harufu ya unga uliochachushwa kwa malofu, ule mvinyo wa mchikichi, bado inanichefua. Nikipita asubuhi karibu na tanuri za mkate kule Mangobo, naziba pua na kuharakisha hatua. Watu hudhani najidai. Waache wadhani, nyinyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa. Koko, babu mzaa baba, alikuwa kitandani kwetu Tshopo, upande mmoja wa mwili umepooza, na kwa siku tatu alikataa kula. Tantine Véro, dada wa baba, ndiye aliyemuuguza. Ndiye pia aliyetukandia mkate, na hapo ndipo kinyaa changu kilipoanzia: mikono niliyoiona asubuhi ikikusanya mashuka ya koko, mchana niliiona imezama kwenye unga. Aliinawa kwa sabuni, tena mara mbili. Mimi sikujali. Mkate wangu niliuficha mfukoni, nikawapelekea bata wa jirani.

Siku ya nne tantine akaniita jikoni.

"Wewe ni ndoyi ya mama yake. Mama akimupa chakula, mutoto hawezi kukatala. Alors, leo utamutengenezea mukate wewe mwenyewe, na utamulisha."

Ni kweli nilipewa jina la mama yake koko, ndiyo maana tangu nizaliwe mzee yule aliniita mama na kunisalimia kwa heshima zote, hata nikiwa na kamasi puani.

Nikatumbukiza mikono. Mungu wangu! Unga ulikuwa vuguvugu, ukaninata katikati ya vidole, ukaingia chini ya kucha. Nilipoinua mkono ulivutika kama makamasi.

"Usiogope, iko farine tu," tantine alisema huku akicheka. "Paka mafuta, kisha zungusha. Pole pole, usikamue!"

Nilikamua. Donge likapasuka, nikalizungusha upya, likatoka limepinda upande kama kiazi kilichoota kwenye mawe. Lilipoiva, tantine alilisifu kupita kiasi.

Koko aliutazama mkate, kisha akanitazama mimi.

"Mama, ni wewe ulitengeneza?"

Nikaitikia. Akafungua kinywa, yeye aliyekifunga siku tatu! Nyuma yangu nilimsikia tantine akivuta pumzi. Nikamwekea kipande. Alitafuna taratibu, na ule upande uliopooza ukaachia mate na mkate uliolowa, vikateremka hadi vidoleni mwangu, vuguvugu, vinanata sawasawa na ule unga. Nikauvuta mkono kwa nguvu. Nikaupangusa kwenye gauni, nikaupangusa tena, na tena, uso nimeukunja, mbele yake.

Koko akafunga kinywa.

"Nimeshiba, mama. Aksanti."

Tantine alifurahi kwamba hatimaye amekula. Nami nilifurahi kwamba naruhusiwa kwenda kunawa. Baada ya hapo koko alikubali uji kidogo, lakini kutoka kwa tantine tu. Kila nilipoingia na sahani, alinishukuru kwa adabu na kusema ameshiba. Nilimsadiki, nikakimbilia nje kucheza, hadi siku tuliyomzika.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hakuna anayeshiba kwa kipande kimoja cha mkate baada ya siku tatu. Alikuwa na njaa, na uso wangu aliuona.